Kipimo cha Baada ya Udhu

Mke wangu hapendi kuitwa mgonjwa, basi humu sitamwita hivyo. Nitamwita mke wangu, ingawa sasa hivi analala Buhinyuza kwa mama yake na mi nalala kwetu Nyamugari, hapa Gitega, peke yangu, na kila anayepita dukani ananiuliza mama watoto anarudi lini. Nawajibu Mungu akipenda. Wengine wanaguna kidogo na kuendelea na safari zao.

Mi ni fundi cherehani. Baba yangu alishona kanzu hapa hapa Gitega kabla yangu, na mi nimekalia kiti chake. Mke wangu ni mtoto wa wakulima wa Buhinyuza, kule Muyinga karibu na mpaka, lakini alikulia kambini Tanzania na akarudi msichana mkubwa mwenye Kiswahili kilichonyooka. Alikuja dukani kushonesha gauni, nikamwambia gauni iko tayari kesho, naye akanirekebisha mbele ya wateja wangu. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilianza kuulizia kwao ni wapi.

Alisilimu kabla ya ndoa, na marehemu mama yangu ndiye aliyemfundisha udhu na swala. Alijifunza akanipita mbali. Mi udhu wangu ni wa mtu mwenye kazi zake, maji hapa na pale, tayari. Yeye haruki hata kidole cha mguu. Nilizoea kusimama uani alfajiri nikimngoja amalize, baridi ya Gitega ikinipiga miguuni, nikinung'unika kwamba jua litatoka kabla yake. Leo ningesimama pale mpaka adhuhuri wala nisitie neno.

Uvimbe ulitokea kwenye titi la kushoto. Walimpasua, kisha wakaanza kumtilia zile dawa kali kwenye mshipa, kila wiki ya tatu, tukishuka Bujumbura na kupanda tena siku ya pili. Siku ya kwanza muganga mmoja wa kike alitukalisha chini na kutueleza polepole. Alisema dawa hii ikiua ugonjwa inaua pia askari wa mwili, wale weupe wa kwenye damu, na kuna siku kama saba au nane baada ya kila dawa ambapo mwili unabaki hauna mlinzi. Siku hizo kijidudu kidogo cha mafua kinaweza kumwondoa mtu. Akatupa termometa, ya kuweka chini ya ulimi mpaka ilie. Mpime asubuhi na jioni, alisema, na ikifika thelathini na nane msingoje kesho, msimeze vidonge vya homa kwanza, njooni hospitali yoyote iliyo karibu mbio. Na asinywe cha moto wala cha baridi kabla ya kupima. Nilitikisa kichwa kila neno. Nilinunua kaye, daftari la shule lenye mistari, nikachora safu mbili kwa rula: asubuhi, jioni. Kazi ya kupima nimeifanya miaka thelathini, nilijiambia, hii haitanishinda.

Nilikuwa mkali, sifichi. Watu wetu wakija kumwona mtu wanamshika. Wanakukamata mikono yote miwili, wanakupapasa mpaka kwenye mabega, wanakuuliza amahoro, ni amani, mara tatu bila kukuachia, na mtu asipokushika hivyo unajua ana neno na wewe. Mi nilisimama mlangoni kama polisi wa barabarani. Walikuja majirani, walikuja wanawake wa madrasa, wakaja hata masista wawili wa Mushasha ambao huwa nawashonea, na wote niliwaambia wasalimie kutoka pale kwenye ngazi. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima aliyembeba mke wangu kama mwanawe tangu alipoolewa, aliniuliza kama namficha ili afe bila watu. Nilimjibu vibaya. Mpaka leo akipita mbele ya duka anaangalia upande wa pili, na haki yake.

Lakini lililomuumiza mke wangu zaidi ni sinia. Tangu tuoane tumekula sinia moja, watoto walipokuwepo na hata walipooa na kuolewa wakatuacha wawili. Sasa nilimpa sahani yake, kijiko chake, kikombe chake, vyote nikivichemsha. Alikula ameangalia ukuta. Siku moja aliniambia chakula cha sahani hakina ladha, kwa sababu hakuna mtu wa kukunyang'anya nyama. Nilicheka. Yeye hakucheka, alisukuma sahani na kwenda kulala, na mi nikabaki na sinia kubwa mbele yangu na mchele wa mtu mmoja katikati.

Kupima nako kulikuwa kunasahaulika. Mteja akija mapema, au umeme ukikatika na pasi ya mkaa ikinisubiri, saa inapita. Ndipo nikapata akili yangu. Nilimwambia tupime na swala: alfajiri na magharibi, akishamaliza udhu, anakaa kwenye mswala, naweka termometa chini ya ulimi, inalia, naandika, tunaswali. Swala hatuisahau, kwa hiyo na kipimo hatutakisahau. Mke wangu alisema ni wazo zuri. Nakumbuka alivyolisema, kwa sababu katika nyumba yetu sifa hizo mara nyingi zilikuwa za kwake.

Na kweli hatukuruka hata siku moja. Kaye yangu ilipendeza. Thelathini na sita na tatu. Thelathini na sita na tano. Thelathini na sita na mbili. Dawa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu. Nilimwonyesha imamu ile kaye. Nilimwonyesha mzee anayeniuzia vifungo. Nilisema mbele za watu kwamba mke wangu hajawahi kufika hata thelathini na saba, na kwamba siri ni nidhamu.

Baada ya dawa ya nne alianza kumwota mama yake. Mama mkwe wangu goti limeharibika, hawezi kukaa kwenye gari mpaka Gitega, na tangu ugonjwa uanze hawakuwa wameonana. Walikuwa wakizungumza kwa simu kila jioni, na akikata simu mke wangu alikaa na simu mkononi. Hakuniomba kumpeleka. Alisema tu, kila siku, kwamba sasa hivi kule wanavuna maharagwe, kwamba mama atakuwa amekaa uani anayachagua, kwamba mikono ya mama inanuka majani ya maharagwe msimu huu wote. Mtu akikuambia hivyo mara tano, utafanyaje? Nilimpigia muganga simu nikamsomea namba za kaye. Alisema ni nzuri sana, ila siku hizi bado ni siku mbaya, ni afadhali tungoje apimwe damu. Na kama hakuna budi, tusikae mbali na hospitali. Nilisikia "nzuri sana". Yale mengine niliyasikia pia, lakini sikuyashika.

Nilikodi gari la kutupeleka sisi wawili tu, bila abiria mwingine.

Alfajiri ya safari, kabla ya adhana, aliniambia anasikia baridi. Alisema kwa sauti ndogo, akiwa amenipa mgongo. Niliinuka kumfunika na blanketi la pili, na mkono wangu ukapita mgongoni kwake, juu ya gauni la kulalia. Palikuwa na moto. Si joto la mtu aliyelala, moto. Nilisimama pale na mkono wangu juu yake, na nilijua, kama ninavyojua kitambaa kwa kukigusa macho yakiwa yamefumbwa. Kisha adhana ikaita, akainuka taratibu, akaenda uani kwenye pipa, akachukua udhu wake mzima bila kuruka kitu, akaja kukaa kwenye mswala huku anatetemeka. Niliweka termometa. Ikalia. Thelathini na saba na mbili.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyekutwa na kosa halafu akaambiwa aende zake. Ule mkono wangu niliunyamazisha. Nilijiambia ni blanketi, ni usingizi. Kila kitu kilikuwa tayari, gari lilikuwa limekodiwa, mama alikuwa anangoja, na mi nilikuwa nimejisifu mji mzima.

Mke wangu aliniuliza kama nina uhakika twende. Nilimwinulia kaye.

"Angalia mwenyewe. Kaye inasema uko mzima."

Aliangalia ile karatasi, akaniangalia mimi kidogo, akafunga shungi lake akapanda gari.

Alilala karibu njia nzima. Tulipita Karuzi, yeye amejikunja kwenye kona na shali mbili, na mi niliongea na dereva habari za barabara na bei ya vipuri, sauti juu, mtu asiye na wasiwasi. Kila alipofungua macho nilimwambia tunakaribia. Muyinga mjini nilitaka tusimame apumzike, akakataa, akasema apelekwe kwa mama.

Mama mkwe alikuwa uani, kama alivyosema, amekaa kwenye mkeka na maharagwe yake. Nilikuwa nimemweleza kwa simu masharti yote: asimshike, asimkumbatie, asimame mbali. Alikuwa amekubali yote. Mwanawe aliposhuka kwenye gari, yule mama mwenye goti bovu aliinuka bila fimbo, akanawa mikono kwenye ndoo iliyokuwa pale kando, akanipita mi mkwe wake kama hanioni, akamkamata mwanawe kwa mikono miwili na kumvuta kifuani. Nilifungua mdomo kumgombeza. Yeye aliwahi.

"Mtoto huyu anaungua."

Nilimwambia si kweli, tumempima alfajiri. Alisema mpime tena. Nilitoa termometa kwa hasira, nikamkalisha mke wangu kwenye kigoda, nikampima. Thelathini na nane na tisa. Nilisema barabara imeiharibu. Nikajipima mwenyewe ili niwaonyeshe ilivyoharibika, ikasema mi niko thelathini na sita na saba, mzima kabisa. Hata hapo sikukubali. Wakati wa alasiri ulikuwa umeingia, nikamwambia mke wangu achukue udhu kama kawaida yetu, kisha tupime sawasawa, tusipime ovyo ovyo na vumbi la safari. Na yule mwanamke, amechoka vile, alinitii. Mama yake alisimama anaangalia. Alimwona mwanawe akitia maji ya kisima mdomoni, akisukutua, akitema. Mara ya pili. Mara ya tatu. Alimwona akija kukaa, na mi nikimtia termometa chini ya ulimi maji hayajakauka midomoni.

Thelathini na saba na tano. Nilimgeuzia mama mkwe ile namba aisome.

Hakuisoma. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mtoto wa mwenzake.

"Baba, kila siku unampima hivi? Akishatia maji baridi mdomoni?"

Nilisema ndiyo, alfajiri na magharibi.

"Basi umekuwa ukipima maji. Mwanangu hujampima."

Muganga alitukataza kinywaji. Nasema hili si kwa kumlaumu, alisema wazi, na tulimtii: chai hakuna, maji hakuna, mpaka apimwe. Lakini kusukutua si kunywa, unatema. Hata Ramadhani mtu anasukutua na saumu yake haina kasoro. Kichwani kwetu sote wawili, maji ya udhu hayakuwa maji ya kinywani, yalikuwa ibada. Wala halikutupitia akilini. Na mi ni fundi, jamani. Mteja akija na koti zito namwambia avue kwanza ndipo nimpime, kwa sababu tepu juu ya koti inakupa koti, haikupi mtu. Namwambia hivyo kila siku ya Mungu.

Tulirudi Muyinga mjini na gari lile lile, mama naye ndani, goti na yote. Hospitalini walimtundikia serumu ya mshipani na dawa kabla hata hawajamaliza kuandika jina lake. Muganga wa pale, mtu mzima mwenye miwani, aliuliza homa imeanza lini. Nilimpa kaye. Aliifunua kurasa mbili tatu, nikamweleza habari ya udhu, akafunga macho kidogo, akaniuliza kama hakukuwa na dalili nyingine yoyote kabla ya leo. Nilisema alisikia baridi. Habari ya mkono wangu sikuisema. Mke wangu alikuwa amelala pale karibu, macho yamefumbwa, na sikujua kama anasikia.

Walisema anaweza kuwa na mtu mmoja tu ndani, mwenye barakoa na mikono iliyooshwa. Wakamuuliza anamtaka nani. Alisema mama.

Siku mbili za kwanza walituambia tuombe. Nilikaa nje kwenye benchi, chini ya dirisha la chumba chao. Nilisikia mama mkwe akimsimulia habari za kambini, habari za watu niliokuwa siwajui, mlo wa siku fulani, mvua iliyowang'olea turubai, na mke wangu akijibu ndiyo, ndiyo, kwa ile sauti yake ya chini. Nilitamani niwemo katika hizo hadithi. Nilitamani aniite hata kunigombeza. Siku ya tatu homa ilishuka, na ya sita tukaruhusiwa, na mi nilikuwa nimeshamwambia dereva aje atupeleke Gitega.

Mke wangu aliniambia ataenda kwa mama kwanza, apate nguvu. Nikasema sawa. Ukafika wakati wa dawa iliyofuata. Tulikutana Bujumbura, nikakaa naye pembeni siku nzima, nikamshikia mfuko wake, na jioni yake akapanda gari la kwenda Muyinga, mi la Gitega. Dawa ya mwisho pia hivyo hivyo. Muganga yule wa kwanza alimpima damu, akasema kwa sasa mambo ni mazuri, aje kila baada ya miezi mitatu. Nilitoka pale nikishukuru njia nzima. Mke wangu alisema tutaongea kwa simu.

Tumeongea kwa simu. Kila jioni. Ananiuliza nimekula nini, namwambia, ananicheka. Hajanitukana hata siku moja, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu ni mwanamke wa kutukana vizuri anapopenda.

Mwezi uliopita nilifanya kama mtu wa kwetu anavyofanya mke akikaa sana kwao. Nilipaka chumba chokaa, nikabadilisha godoro. Nikachukua watu wazima wawili wenye maneno mazuri, imamu na mzee wa vifungo, tukaenda Buhinyuza kumrudisha mke. Wengine wanabeba pombe ya ndizi. Sisi tulibeba kreti mbili za fanta, mchele na sukari. Imamu aliongea robo saa. Aliwasifu wazazi, akasifu ndoa, akasema nyumba bila mwenyewe ni kuta tu. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba yeye hajui ugomvi wowote kati yetu, mlango wake hauna kufuli, aulizwe mwenyewe.

Mke wangu alitoka jikoni. Nywele zimeanza kumrudia, fupi, laini, nyeupe pembeni. Aliwasalimia wale wazee vizuri, kisha akaniomba tuzunguke nyuma ya nyumba. Nilijua atanilaumu kwa habari ya udhu na nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga tangu Karuzi. Hakuigusa habari hiyo. Alisema udhu ulikuwa wetu sote wawili, naye alisukutua mwenyewe kwa mdomo wake.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," alisema. "Alfajiri ile, uliponifunika. Mkono wako ulikaa mgongoni kwangu muda mrefu. Ulisikia nini?"

Ningeweza kusema sikusikia kitu. Hakuna mtu duniani ambaye angenipinga. Nilitazama chini, nikatazama shamba, nikaona wale wazee wangu wamekaa na chupa zao wanatungoja, na mchele wetu, na sukari yetu.

"Moto," nilimwambia. "Nilisikia moto. Niliogopa, nikaiachia kaye iseme."

Mi nilianza kulia, mtu mzima na ndevu zangu, nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Yeye hakulia. Alishusha pumzi, mabega yake yakalegea, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Miezi yote hii nilidhani ule moto niliusikia peke yangu," alisema. "Basi. Nilitaka kujua tu."

Hakurudi na sisi. Wazee walimaliza fanta zao, wakaniangalia kwa huruma, tukaagana na mama mkwe. Nilikuwa nimeshafungua mlango wa gari mke wangu alipokuja mpaka barabarani, akanikamata mikono yote miwili, akapanda nayo mpaka mabegani, polepole, hakuniachia upesi.

"Ukija tena," alisema, "njoo peke yako. Usilete watu."